Jumanne Hadi Alhamisi

Mimi si mtu wa kushuku watu ovyo. Nikimshuku mtu, basi huwa ana lake. Ofisini wananiita Mpelelezi, na wanadhani sijui. Najua hata aliyeanzisha jina hilo, ni yule dada wa mapokezi, na siku yake inakuja. Mke wangu naye aliondoka zamani, akisema hawezi kuishi na mwanamume anayenusa hata risiti za sokoni. Sikubishana naye. Nilijiuliza tu nani kamfundisha kusema vile.

Kwa hiyo siku ramani mpya ilipobandikwa ukutani ofisini kwetu, mimi nilikuwa wa kwanza kuisogelea. Idara yetu hatujengi wala hatuchimbi. Kazi yetu ni kukadiria magari mangapi yanapita kwenye barabara kuu, na barabara yenyewe inaweza kupitisha mangapi kabla haijasongamana. Tukisema panatosha, watu wanaachwa na maisha yao. Tukisema hapatoshi, wenzetu wa ghorofa ya juu wanachukua kalamu nyekundu. Na siku hiyo kalamu nyekundu ilikuwa imeongeza njia moja ya magari kandokando ya zile za zamani, na mstari wake ulipita katikati ya jiko la mama yangu.

Nilisogeza pua mpaka ikakaribia kugusa karatasi. Ni kwa mama, hakuna ubishi. Ni pale kwenye kona, magari ya mtaani yanapopanda kujiunga na barabara kuu. Nyumba ilikuwepo kabla ya barabara. Mimi na mdogo wangu tulizaliwa ndani ya kile kisanduku kidogo kilichokatwa na mstari.

"Pole, mkubwa," mtu akasema nyuma yangu.

Alikuwa Miwani, mwenzangu wa meza ya pili. Ni kijana mpole, mashati yake yamenyooka siku zote, na anasalimia mpaka wafagizi. Sipendi watu wa namna hiyo. Nilimtazama usoni nione kama anacheka.

"Vipimo vya kona hii nani alichukua?" nikamuuliza.

"Vihesabio vyenyewe, mkubwa. Mimi nilivisoma tu."

Alivisoma tu. Barabara kuu yenye afya, kila njia hupitisha magari kama elfu mbili kwa saa wakati imebanwa sawasawa. Kona ya kwa mama sasa ilikuwa inapitisha elfu moja na mia tano hivi, na foleni tayari inafika darajani. Yaani wanaotaka kupita ni wengi, wanaopita ni wachache, kwa hiyo barabara ipanuliwe na nyumba ya mama iende zake. Lakini mwaka uliotangulia kona hiyohiyo ilikuwa inapitisha vizuri kabisa. Lami ni ileile, upana ni uleule, kona haijasogea. Barabara haiugui ghafla hivyo. Machale yalinicheza palepale: hapa kuna mkono wa mtu.

Mkuu wetu aliniita kabla ya chakula cha mchana. Ni mama mmoja asiyepandisha sauti hata akikufukuza kazi.

"Kwa kuwa nyumba ni ya mama yako," alisema, "hivyo vihesabio hutavigusa. Miwani atapima kwa mara ya mwisho wiki ijayo. Jumanne hadi Alhamisi, kama kawaida. Ijumaa tunapeleka juu, na juu hawarudishi kitu."

Jumanne hadi Alhamisi. Yeyote wa kazi yetu angeelewa. Jumatatu watu wamechelewa na wana hasira, Ijumaa kila mtu anakimbilia kwake, kwa hiyo siku hizo si za kawaida na hatuzitumii. Vihesabio vimezikwa chini ya lami na vinahesabu kila siku bila kuchoka, lakini sisi tunachukua siku tatu za katikati, nyingine tunaziacha zilale kwenye kompyuta. Nimefanya hivyo tangu ujana wangu. Sikumbuki mtu aliyewahi kuzifungua.

Jumapili nilikwenda kwa mama, kama ninavyokwenda kila Jumapili. Mama amepooza upande mmoja miaka mingi sasa. Kitanda chake kiko dirishani, na mchana kutwa anatazama magari. Ulimi wake unakwenda polepole, ila maneno yake hayajapoteza makali.

"Umenenepa," aliniambia. "Huko mnakohesabu magari mnakula nini?"

Anayemtunza ni mdogo wangu, kitindamimba wa nyumba, na Kitinda ndilo jina tulilomwita mpaka akazeeka nalo. Uani ana tanuri la mikate. Anaoka alfajiri, anapeleka madukani, anarudi kumgeuza mama, anamwogesha, anamlisha, anafua. Kwa miaka yote hiyo sijawahi kumsikia akilalamika. Nilikuwa nikiwatolea watu mfano wake.

Wakati wa kula niliwaeleza habari ya kalamu nyekundu. Nilianza kupanga maharage juu ya meza, njia hii na njia ile, nionyeshe jinsi mtu mwenye nia mbaya anavyoweza kuchezea hesabu. Kitinda akayakusanya kwa kiganja.

"Hayo umeshatuonyesha, kaka. Mwaka jana ulimaliza bakuli zima."

"Nataka muelewe. Kuna mtu ananichimba. Huyo Miwani anautaka ukubwa wangu, na ameamua kupitia nyumba ya mama."

"Na wiki hii mnapima tena?"

"Jumanne hadi Alhamisi. Lakini usiwe na wasiwasi, mdogo wangu. Maadamu mimi ni mzima, nyumba hii haibomolewi. Mama hawezi kuhamishwa. Ukimtoa hapa umemuua."

Mama alikuwa anatazama nje. Kitinda akaondoa sahani yangu kabla sijamaliza. Nilidhani ni hofu ya kubomolewa, nikamhurumia.

Jumanne jioni nilipita nyuma ya kiti cha Miwani nikijifanya natafuta kalamu. Elfu moja na mia tano. Jumatano hivyohivyo. Alipoinuka kwenda kunywa chai, sikuvigusa vihesabio, nilikuwa nimekatazwa. Nilifungua kumbukumbu zilizolala, zile ambazo hakuna anayekatazwa kwa kuwa hakuna anayezitaka. Nikafungua Jumatatu.

Karibu elfu mbili.

Nikafungua Ijumaa ya wiki iliyopita, siku ambayo kwa kawaida ni vurugu tupu. Karibu elfu mbili. Nikarudi nyuma wiki baada ya wiki mpaka macho yakaniuma. Siku tusizozitazama, kona ilikuwa nzima kabisa. Siku tunazozitazama, inaugua asubuhi na kupona jioni. Barabara haijui leo ni Jumanne. Anayejua ni mtu, na tena mtu anayejua siku zetu. Na watu hao, nikahesabu, ni Mkuu, mimi na Miwani.

Aliporudi na kikombe chake nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake.

"Funga mlango," nikamwambia.

Akafunga. Nikageuza kompyuta aone. Nikamwambia nimemjua, michezo yake yote nimeijua, kwamba anapunguza magari siku za kupima ili nyumba ya mama yangu ibomolewe na mimi nionekane nilishindwa hata kulinda kwetu. Nilisema mengi. Mengine nisingependa kuyarudia.

Miwani alivua miwani yake akaifuta kwa ncha ya shati. Hakuonekana kama mtu aliyekamatwa. Alionekana kama mtu aliyechoka kusubiri.

"Mkubwa, mimi nakaa upande ule. Napita kwenye kona ile kila asubuhi," alisema. "Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

"Nikwambie nini?"

"Nilidhani mmepanga. Kifamilia. Nyumba imezeeka, fidia ipo, na wewe ndiye unayejua siku za kupima. Nikasema huyu ni mkubwa wangu, ninyamaze, lakini usingizi nimekosa."

"Nimepanga nini, wewe?"

Akanitazama muda mrefu, akijaribu kujua kama namchezea. Mtazamo ule naujua vizuri, ni wangu. Sikuwahi kuupokea kutoka kwa mtu mwingine, na haupendezi.

"Lini mara ya mwisho ulifika pale asubuhi ya siku ya kazi?" akauliza.

Mimi barabara naiona kwa tarakimu. Na kamera zetu zinatazama njia za magari tu, hazitazami pembeni.

"Nenda kesho," Miwani akasema. "Ukishaona, njoo uniambie kama mwizi ni mimi."

Alhamisi asubuhi niliingia kwenye foleni ambayo nimeiandikia taarifa nusu ya maisha yangu, na nakiri sikuwahi kuijua. Mbele yangu mtu alikuwa ananyoa ndevu kwa kioo cha gari. Kufika darajani sikuvumilia tena. Nilichepuka, nikaegesha kwenye barabara ya mtaani na kushuka kwa miguu, nikifuata uzio, nikimtafuta adui yangu. Nilikuwa nimeshamwona kichwani: mtu wa Miwani, amevaa kofia, ameshika kifaa fulani.

Kona ilipofunguka niliona uzio umetobolewa mahali pa mtu kupita. Mbele ya tundu, kwenye ukingo wa barabara, palepale magari ya mtaani yanapojisukuma kuingia, kulikuwa na meza. Juu ya meza kulikuwa na mikate, bado inatoa mvuke, na ubao umeandikwa kwa chaki: MIKATE YA MOTO, JUMANNE HADI ALHAMISI. Gari moja lilikuwa limesimama pembeni, dereva anatoa mkono dirishani. La pili linaondoka na linajaribu kurudi njiani. Kila gari lililopita lilipunguza mwendo kutazama, na la nyuma yake likapunguza zaidi, na kule nyuma kabisa honi zilikuwa zinapigwa na watu wasiojua wanampigia nani.

Nyuma ya meza alikuwa mdogo wangu.

Aliniona nikiwa mbali. Hakukimbia wala hakuficha ubao. Alimpa mteja mkate wake, akafuta mikono.

"Karibu, kaka," alisema. "Leo si Jumapili."

"Kitinda, unafanya nini hapa?"

"Nauza mikate."

"Nani amekutuma? Ni Miwani?"

"Miwani ndiye nani? Yule wa gari la kijani? Hununua miwili kila ninapouza. Mstaarabu sana yule."

Nilitaka kukaa chini na hapakuwa na pa kukaa. Nikamwambia ajue anachofanya, kwamba meza hii ndiyo inayoibomoa nyumba, kwamba vihesabio viko pale mbele chini ya lami na vinaona magari yanapita machache kwa sababu yake yeye, na watu wa juu wanadhani barabara imezidiwa. Nilieleza kwa haraka, kama mtu anayemtoa mtoto karibu na moto.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua mikate mitatu akaipanga mmoja nyuma ya mwingine.

"Mmoja akisimama pembeni," alisema, akisogeza wa mbele kidogo, "hata kama hajaziba njia, wa pili atakanyaga breki amtazame. Wa tatu atakanyaga zaidi. Wa kumi atasimama kabisa. Ulitufundisha mwenyewe, kaka. Kwa maharage."

Alikuwa anajua. Alijua tangu mwanzo, na siku za kupima nilikuwa nampelekea mimi mwenyewe kila Jumapili, huku nakula chakula chake.

"Unataka nyumba ya mama ibomolewe," nikasema.

"Ndiyo."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini?" Sauti yake haikupanda, ila mikono aliificha chini ya khanga. "Niseme nimechoka kumgeuza mama? Niseme sijalala usiku mzima tangu sijui lini? Ungeniona mtoto mbaya. Ungewaambia watu. Wewe unanitolea mfano mpaka kwa majirani, mimi ningeanzia wapi kusema sitaki? Lakini serikali ikibomoa, hakuna mtu mbaya. Mama atahamishwa, itabidi tukae chini tuulizane atakaa kwa nani. Na nikasema, labda siku hiyo kuna mtu ataniuliza na mimi nataka kwenda wapi."

Gari likasimama. Akauza mkate, akarudisha chenji, akasema asante. Nilingoja.

"Kila gari linalopita hapa umelihesabu," alisema akiwa amenipa kisogo. "Mimi nipo hapahapa, kaka. Hujawahi hata kuuliza."

Nilijaribu kukasirika. Hasira kwangu huja bila kuitwa, lakini asubuhi ile iligoma kabisa. Nilisikia aibu, aibu nzito, na chini yake nilisikia huzuni ya kumtazama mtu aliyekua chini ya uangalizi wangu na kugundua kwamba nywele zake zimekuwa na mvi nikiwa sipo.

"Ondoa meza, mdogo wangu," nikasema.

"Nikiiondoa nyumba inabaki. Na mimi nabaki nayo."

"Nyumba itabaki. Wewe si lazima. Nitahamia mimi."

Akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Maneno ya Jumapili hayo. Mama asubuhi anameza dawa ngapi?"

Sikujua.

"Anageuzwa upande upi kwanza?"

Sikujua.

"Haya, nenda kazini," akasema. Lakini ubao aliuangusha chini, na mikate iliyobaki akaanza kuirudisha kwenye kapu.

Nilikwenda kazini. Nilimkuta Miwani mezani kwake nikamwomba radhi, nikiwa nimesimama na mlango ukiwa wazi, dada wa mapokezi akisikia kila neno. Kisha tukaenda wawili kwa Mkuu, tukamfungulia Jumatatu na Ijumaa zilizolala. Nilimweleza yote, na jina la ndugu yangu sikulificha. Tukaandika ukweli: barabara inatosha, tatizo ni tundu kwenye uzio na magari yanayosimama pembeni, tundu lizibwe. Mkuu alisoma mara mbili.

"Mikate yenyewe ikoje?" akauliza.

"Mitamu sana," Miwani akajibu.

Mstari mwekundu ulifutwa. Mafundi wakaziba tundu, na Jumanne iliyofuata kona ilipitisha magari yake bila mtu kupiga honi. Nyumba ilikuwa imesalimika. Zamani ningeenda Jumapili, nikala, nikajisifu, nikarudi kwangu.

Jumamosi nilifika na begi, likizo nikiwa nimeshaiomba kazini. Kitinda alisimama mlangoni, mkono kiunoni, akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani. Kisha akatazama nyuma yangu kama kuna mtu nimemficha.

"Hilo begi lina nini?"

"Nguo."

"Lifungue."

Nikalifungua palepale kibarazani. Alipekua kila kitu, akainua mashati, akakagua viatu, akachungulia mpaka mfuko wa pembeni. Kumbe kushuku tulirithi wote. Mwishoni akavuta mto wangu wa kulalia, ule wa zamani uliobonyea katikati, akaushika kwa mikono miwili. Mtu anayekuja kulala usiku mmoja habebi mto. Akaukumbatia kifuani, akageuka upande wa ukuta.

Siku ile na iliyofuata alinifundisha. Dawa za asubuhi na za jioni. Upande wa kuanza kumgeuza mama, mahali pa kuweka mkono ili bega lisimuume, maji yawe ya joto kiasi gani. Nilikosea karibu yote. Mama alinivumilia mpaka nilipomvalisha gauni mbele nyuma.

"Huyu tutamweza kweli?" alimuuliza Kitinda. Kisha, polepole, macho yake yakiwa dirishani, akasema, "Nenda tu, mwanangu. Meza yako niliiona tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nakuombea."

Jumatatu asubuhi Kitinda alitoka chumbani amevaa gauni la bluu ambalo sikuwahi kuliona. Alikuwa amepata kazi kwenye tanuri kubwa upande wa pili wa mji, na chumba karibu na hapo. Alikuwa amekipata muda mrefu, alisema, mwenye nyumba alikuwa anamsubiri. Alimbusu mama kwenye paji la uso. Mimi nilikuwa nimesimama na beseni mkononi, maji yananimwagikia miguuni, na nje magari yanapita na kwa mara ya kwanza sikuwa na habari ni mangapi.

Nilimfuata mpaka mlangoni. Ghafla niliogopa.

"Utakuja lini?" nikamuuliza.

Alikuwa ameshashuka kibarazani. Akageuka, akaliweka sawa begi lake begani.

"Jumapili, kaka," alisema. "Nitakuwa nakuja kula."